Nina saa chache Mombasa na bi mkubwa, nichukue tua gaidi au tuzunguke wenyewe?

Mtoto wa Chumbageni aliandika:

Habari za humu wakuu. Mimi nipo Tanga, mwezi ujao namsindikiza bi mkubwa Nairobi, dada yangu kajifungua. Basi la moja kwa moja lipo ila mama kasema anataka treni, ile ya SGR ya Kenya, kaisikia kwa jirani yake aliyepanda mwaka jana na sasa hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kwa hiyo tutatoka Tanga alfajiri, tukate mpaka pale Horohoro, Mombasa tufike kama saa saba mchana Mungu akipenda, na treni niliyoona ni ya saa nne usiku.

Sasa hapo katikati kuna masaa mengi ya kukaa tu na mabegi, nikaona kheri nimtembeze mama aone mji, hajawahi kufika Mombasa maisha yake yote na ana miaka 67, wakati Tanga na Mombasa ni pua na mdomo. Nimeona mtandaoni kuna zile ziara za masaa mawili matatu, Fort Jesus, Mji wa Kale, zile pembe za ndovu. Maswali yangu ni kwamba je nichukue tua gaidi au ni kutupa hela tu, magoti ya mama hayako sawa sana atatembea kwa miguu au tukodi bajaji, na kingine siku yenyewe ni Ijumaa, kuna shida? Asanteni.

---

Mzee wa Gongo la Mboto:

Mkuu kwanza andika "mtembezaji" au "muongoza watalii". Ukishuka basi Mombasa ukaanza kuulizia "natafuta gaidi wa kunitembeza" safari yenu itaishia kituo cha polisi na treni mtaisikia inapiga honi 😂😂

Sina jibu lingine, nasubiri wenyeji waje.

---

Bui wa Kibokoni:

Karibuni sana Mombasa, na mama mpe salamu zangu, mwambie mji ni wake.

Mimi nimezaliwa Mji wa Kale na bado nipo, kwa hiyo nikueleze kama jirani. Kwanza hiyo Ijumaa. Mkifika saa saba ndio watu wako msikitini, maduka mengi ya mjini kwetu yamefungwa na hata wale wa viungo wamefunika magunia yao, msije mkadhani mji umehama. Hapo nyinyi kuleni, salini, mama anyooshe miguu. Mji unarudi kuamka kwenye saa nane na nusu hivi. Tena saa saba na jua la Mombasa kumpandisha mtu wa miaka 67 juu ya ukuta wa ngome ni kumuonea.

Pili, basi lenu huenda likapitia Likoni. Kwenye feri abiria huteremshwa wakaingia kwa miguu, basi linaingia na magari, hamlipi kitu nyinyi wa miguu. Ile miteremko ya kuingilia na kutokea ndiyo itakayomchosha mama kuliko Fort Jesus nzima, na watu huteremka pale kwa kasi kama wamefunguliwa. Mshike mkono, kaeni pembeni, wenye haraka wapite. Basi litawangojea ng'ambo.

Tatu bajaji, huku twaita tuktuk. Chukueni ya kuwatoa kituo cha basi hadi Fort Jesus, halafu mwachilieni. Mji wa Kale si wa kuonwa ukiwa umekaa kwenye tuktuk inayotoa moshi, utaona migongo ya watu tu. Kutoka ngomeni kuingia Ndia Kuu mpaka kule Bandari ya Kale si mbali hata, ni mwendo mtu anaenda dukani akirudi, na kila nyumba ya pili ina baraza nje. Mama akichoka aketi. Hakuna atakayemuuliza, sanasana ataletewa maji na aulizwe katoka wapi, na hapo ndipo utachelewa treni maana akisema Tanga atapatikana mtu mwenye shangazi Tanga.

Nguo sisemi kwa vile ni watu wa pwani mwajua.

---

Kavu Kavu:

Mimi nitakuwa mkweli, mtembezaji ni hela ya bure. Nilienda 2022 na mke wangu, tulipokaribia geti la ngome wakatuvamia vijana kama wanne, mmoja akawa mpole sana eti "karibu kaka, mimi sina bei, utanipa chochote moyo wako utakachopenda". Akatuzungusha nusu saa, historia yenyewe anasema Vasco da Gama ndiye aliyejenga Fort Jesus, halafu mwisho moyo wangu ukapenda kumpa mia tano akakataa, akataka elfu tatu za Kenya kwa kila kichwa!! Tulibishana pale mpaka watu wakajaa, mke wangu kaona aibu akatoa.

Ndani kuna vibao, soma mwenyewe, ramani ya simu inakuonyesha njia. Basi.

---

Bui wa Kibokoni:

@Kavu Kavu pole kaka, hao wapo na wanatuharibia jina. Lakini "utanipa chochote" umeisikia ukaendelea kutembea? Yakhe, hiyo ndiyo bei ghali kuliko zote.

---

Dira ya Mvita:

Mimi hii ndiyo kazi yangu, natembeza wageni hapa mwaka wa kumi na moja sasa. Sitaweka namba yangu, sikuja kutafuta kazi humu, ila Kavu Kavu amenigusa.

Vasco da Gama alipita hapa Aprili 1498, hakupokelewa vizuri akaenda zake Malindi. Ngome ilianza kujengwa 1593, karibu miaka mia baadaye, ikamalizika 1596, na aliyeichora alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, akiwafanyia kazi Wareno. Anayekwambia Vasco da Gama ndiye mjenzi si mtembezaji huyo, ni mpita njia mwenzako.

Jinsi ya kutupata ni hivi. Mtembezaji halali ana kibali cha serikali na kitambulisho, muombe akuonyeshe, asikukasirikie, mimi naombwa kila siku. Ukitaka usalama zaidi ingia kwanza ndani, pale mapokezi uulize kama kuna wa kukutembeza. Halafu pesa mkubaliane kabla hujanyanyua mguu, na utaje vitu vitatu kwa mdomo: ni za Kenya au za Tanzania, ni kwa nyinyi wote wawili au kwa kichwa, na zinamaliza ngome peke yake au na Mji wa Kale pia. Hiyo ya tatu ndiyo ugomvi mwingi unapoanzia, maana mtu amelipia ngome, akitoka nje mtembezaji anaendelea naye tu mitaani na stori hazikatiki, mgeni anadhani ni ukarimu, kumbe ni saa la pili hilo linahesabiwa.

Kuhusu kusoma vibao, unaweza. Lakini swali langu kwa mwenye mada: mama anasoma Kiingereza? Maana maandishi mengi mle ndani ni ya Kiingereza. Hapo ndipo mimi nasema mchukue mtu, na umwambie mapema kabisa "tutembeze kwa Kiswahili". Msicheke, hili ni jambo la kusema. Sisi wengi hotuba zetu tumezishika kwa lugha za wageni, Kiingereza, Kitaliano, Kijerumani, tunazitiririsha kama kaseti. Mgeni wa ng'ambo nikimpa miaka na majina ya wafalme anaridhika anapiga picha. Mswahili akija ananiuliza nyumba hii ni ya nani, ukoo gani, wamehamia wapi, huu mlango mbao yake ni ya nini, kwa nini dirisha la juu limezibwa vile. Hapo kaseti inakatika inabidi niongee kweli. Na sitozi zaidi, ndiyo siku ninazozipenda.

Ndani ya ngome usimzungushe mama kila pembe. Kuna ile njia ya kupanda toka getini, ina mwinuko ila si ngazi kali, akifika uwanjani pale juu kashamaliza kazi. Mwonyeshe ile michoro waliyochora Wareno ukutani, meli na samaki na watu, imechorwa kama mtoto aliyechoka darasani na mimi nikiitazama huwa nawaona wale walinzi wamekaa hawana la kufanya wanangoja meli. Mwonyeshe vitu vilivyotolewa kwenye ile meli ya Santo António de Tanna iliyozama hapo mbele ya ngome 1697, ilikuja kuwaokoa wenzao wakati Waomani wamewazingira. Kuzingirwa kwenyewe kulianza 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa, maradhi yaliwamaliza kuliko risasi. Halafu umpeleke Nyumba ya Waomani kule juu, kuna upepo na unaona mlango wa bahari wote, apumzike hapo hata dakika ishirini. Waingereza waliifanya gereza toka 1895 mpaka 1958, wazee wa hapa bado wapo wanaokumbuka.

Na kama mama anapenda hadithi, muulize mtembezaji wako habari za Yusuf bin Hasan. Mtoto wa sultani, babake aliuawa kwa njama za Wareno, yeye akapelekwa Goa kulelewa akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, wakamrudisha atawale kwa niaba yao, kumbe. Mwaka 1631 akaingia ngomeni akamuua kapteni kwa mkono wake. Mimi nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo, wanawake watu wazima ndio wanaoniuliza "na mamake je, alikuwa hai?"

---

Mtoto wa Chumbageni:

Asanteni sana aisee, sikutegemea. Hapana mama Kiingereza hasomi, kwa hiyo hapo nimeelewa. Kiingilio tunalipaje sisi wa Tanzania, na mabegi tunaweka wapi? Na ile pembe za ndovu niiweke au niache?

---

Bui wa Kibokoni:

Mabegi uliza ofisi ya basi lenu kama watawawekea, ila kapu la vitu vya thamani kaa nalo. Kiingilio, mara ya mwisho nilipopeleka wageni getini pesa mkononi hawakupokea, ikawa ni kulipa kwa simu, kwa hiyo kama huna laini ya Kenya yenye pesa mwombe mtembezaji akulipie umpe taslimu. Bebeni paspoti au hati zenu mkononi, mtu wa Afrika Mashariki halipi sawa na mgeni wa mbali.

Mapembeni mtayaona mkipita na tuktuk Moi Avenue, mwambie dereva apunguze mwendo, mpige picha moja, tosha. Ni mabati ya alumini yale, yaliwekwa kwa ajili ya kina malkia wa Uingereza, 1956 alipokuja Princess Margaret ndiyo yakawa jozi mbili kama unavyoyaona sasa. Watu husema ni M ya Mombasa. Sawa, M.

Wakati huo mpe mama Biashara Street akatazame leso. Nyie mwaziita khanga. Jozi kwa jozi, majina mapya kila mara, na Marikiti iko karibu kama mwataka iliki na mdalasini wa kumpelekea mzazi. Na jioni mpelekeni Laitihausi kule Mama Ngina, mibuyu mikubwa, upepo, viazi karai na ukwaju, mihogo ya kukaanga, madafu. Usimwambie mama atatazama jua likizama baharini, watu wa mtandaoni huandika hivyo sijui wanatazama wapi, bahari yetu iko mashariki, jua linazamia mgongoni kwako huko bara.

---

Karao wa Umoja:

Niaje. Upande wa treni wacha nikusaidie, mimi hupanda kila mwezi. Stesheni ya Mombasa haiko mjini, iko Miritini, na barabara ya kwenda huko jioni pale Changamwe malori ya bandari yanaweza kukukalisha mpaka ukonde. Treni ya saa nne usiku, wewe toka mjini saa moja na nusu, ukichelewa sana saa mbili. Ukifika getini mnapangwa laini, mizigo inawekwa chini kwa mstari halafu mnarudi nyuma, mbwa wa polisi anapita akinusa moja moja, kisha kuna mashine ya kukagua. Mwambie mathee mapema habari ya mbwa ndio asishtuke, mamangu alipiga nduru. Mkoba wa chakula na msala muuweke ndani ya begi.

Tiketi kata mapema, wikendi hujaa. Na treni ikisema saa nne inaondoka saa nne, hawangoji mtu aliyeenda kununua leso 😅

---

Kavu Kavu:

Bado nasema elfu tatu kwa kichwa ni wizi.

---

Dira ya Mvita:

Ni wizi kweli, hata mimi sijakataa.

---

Mtoto wa Chumbageni (wiki sita baadaye):

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho maana nachukia watu wanaouliza wakapotea.

Tulifika Mombasa saa nane kasoro, Horohoro palikuwa na foleni. Feri mama alishuka ule mteremko kwa hatua za bibi harusi, watu wakatupita wote, basi tukalikuta linatusubiri kama mlivyosema. Tukala, tukasali, saa tisa na nusu tuko getini Fort Jesus. Vijana walikuja, mmoja akasema "utanipa chochote", nikacheka peke yangu nikaenda ndani. Mapokezi nikauliza, akaja mzee mmoja mtu mzima ana kitambulisho shingoni, nikamwambia yale matatu kwa mdomo kama nilivyofundishwa, akanitazama akaniuliza "umesomea wapi haya?" Tukakubaliana elfu mbili za Kenya kwa wote wawili, ngome na Mji wa Kale mpaka bandarini.

Nikamwambia tutembeze kwa Kiswahili. Dakika kumi za mwanzo alikuwa anasoma tu kama redio, mwaka huu kukawa hivi, mwaka huu hivi, mama anaitikia "ehee" ile ya heshima. Tulipotoka nje kuingia mitaani mama akasoma kibao cha Ndia Kuu akaniambia kwa sauti ya chini "wamekosea, wamesahau j". Mzee kamsikia! Akasimama katikati ya njia akasema mama, hawakukosea, sisi ndivyo tunenavyo, njia ni ndia, njaa ni ndaa, macho ni mato, nchi ni nti, chini ni tini. Mama akaanza kumjaribu, "na kucheka je?" "Kuteka." Mama akasema kwetu ukiteka umeteka maji kisimani. Wakacheka, au wakateka, wale wawili mpaka mwenye duka la vinyago akatoka kuangalia.

Kutoka hapo mimi nilikuwa mbeba mkoba tu. Mzee akaacha ile hotuba yake yote. Akamwonyesha mama nyumba moja mlango umechongwa maua mpaka juu, akamwambia nyumba hii ndugu saba wanagombea, hakuna aliye tayari kuuza wala kutengeneza, na kweli roshani ya juu ilikuwa imeinama kama mtu anachungulia. Tukapita msikiti wa Mandhry, ule mnara mweupe, tangu miaka ya 1570 huko na bado unasaliwa. Mama akaketi kwenye baraza mara tatu. Mara ya pili alipita muuza kahawa na dele lake anagonga vikombe, mzee akanunua yeye, kahawa chungu na kashata, hakutaka nilipe. Kule Bandari ya Kale kulikuwa na majahazi mawili, nikatoa simu kupiga picha askari akaniashiria niiweke, nikaiweka.

Mama alimuuliza kuhusu mama yake Yusuf bin Hasan. Mzee akasema hilo hajawahi kuulizwa na hana jibu. Mama mpaka leo analiongelea.

Sasa ubaya. Biashara Street tulifika saa kumi na mbili kasorobo nikasema dakika kumi. Bui wa Kibokoni dada yangu umenikomesha. Mama alifunuliwa leso kama hamsini, anasoma jina moja moja kwa sauti, hili anasema la kumpa mkwe lina maneno, hili zuri lakini rangi ya msiba. Kachukua jozi nne. Laitihausi hatukwenda, viazi karai tukanunua njiani tukala ndani ya tuktuk, Changamwe malori yamesimama, na tuktuk ilipopiga breki ile chupa ya ukwaju ikamwagikia jozi moja, bahati nzuri ni ile ya mkwe.

Miritini tulifika saa tatu kasorobo. Mbwa alipofika kwenye begi letu akasimama, akanusa, akanusa tena, moyo ukanidunda, askari akauliza kuna nini humu, mama akajibu "viazi". Mbwa akaenda zake.

---

Bui wa Kibokoni:

Rangi gani hiyo jozi? Ukwaju unatoka kwa ndimu na chumvi, aianike juani kabla haijakauka.

---

Mtoto wa Chumbageni:

Nyekundu na nyeusi. Amekataa kuiosha, anasema hiyohiyo ndiyo inamfaa mkwe.